Sababu Zangu za Kuhama Wambaa

Mwatum Vuai Shaame,
Mwalimu Mstaafu,
Nyumba ya pili ukishuka kilima cha skuli,
Wambaa, Mkoani,
Pemba.

Jumatatu, kabla ya adhuhuri

Mheshimiwa Bwana Sheha,

YAH: MAOMBI YA BARUA YA KUHAMA, PAMOJA NA SABABU ZAKE

Asalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba Mungu barua hii ikukute mguu wako ulioteguka kule harusini umeshakaa sawa, na watu wa nyumbani kwako wote wawe na uzima. Mimi ni mzima wa kila kitu isipokuwa hasira.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu ile barua aliyokuletea mwanangu Haitham juzi uliirudisha. Ulimwambia mistari miwili haitoshi, kwamba mtu aliyekaa mahali miaka sitini na tisa hahami kwa mistari miwili, na kwamba mwenye kuhama ndiye aandike sababu zake, tena zinazoeleweka. Ulifanya vyema. Nilipokusomesha darasa la tatu mistari miwili ilikuwa inakutoa jasho, kwa hiyo nafurahi kuona leo unawadai wenzako mingi zaidi.

Shauri lenyewe ni hili. Haitham ni mwanangu wa pekee. Anafanya kazi ofisini mjini Unguja, anakaa ghorofa ya nne, na ndani ya nyumba yake kuna chumba alichokipaka rangi kwa ajili yangu. Tangu nilipoanguka mwezi wa Shaabani hana raha. Amechukua likizo, amekuja Ijumaa, na amekata tiketi mbili za boti ya Alkhamisi. Anasema bila ya barua yako sheha wa huko niendako hatoniandikisha, na nisipoandikishwa sitopata hata kadi ya hospitali. Kwa hiyo jambo zima liko mkononi mwako. Ukitia saini, Alkhamisi naondoka Wambaa na sirudi tena ila kwa matembezi.

Haitham alinishauri niandike kwamba umeme unakatika, kwamba mtandao haushiki mpaka usimame juu ya ukuta wa kisima, na kwamba hospitali iko mbali. Ni kweli yote, lakini nimekataa kuyaandika, maana na wewe yanakukuta na hukuhama. Mimi nina sababu zangu. Nimezitia nambari kama nilivyozoea, ili usije ukasema hukuzielewa.

1. Salamu

Kutoka mlangoni kwangu mpaka dukani kwa Bi Rahila ni hatua mia mbili na kumi. Nimezihesabu. Hata kwa miguu mibovu kama yangu ni mwendo wa dakika tano. Mimi hunichukua saa nzima, na Ijumaa hupita hapo. Hapa kwetu huwezi kumwambia mtu asalam aleikum ukaendelea na safari yako. Ataniuliza wambaje, nitasema salama. Ataniuliza nimeamkaje, nitasema nimeamka. Ataniuliza mguu, ataniuliza kifua, ataniuliza Haitham, mke wa Haitham, watoto wa Haitham, kuku. Kisha na mimi ni wajibu wangu kumuuliza vyake vyote, na yeye ana kuku wengi kuliko mimi. Nikifika dukani nimeshasahau nilichokifuata. Bi Rahila ndiye anayenikumbusha, kwa sababu habari kwamba nimeishiwa na chumvi imemfika kabla yangu.

Mwaka jana nilikaa wiki mbili kwa Haitham, na huko ndiko nilikoyaona maendeleo. Watu wanapanda ngazi, wanashuka ngazi, hakuna anayemuuliza mwenziwe kitu. Siku ya kwanza nilimsalimu kijana mmoja tuliyepishana naye. Akavua vile vijidude vya masikioni, akaniuliza, kwa adabu kabisa, nauza nini. Nikamwambia siuzi kitu. Akavirudisha masikioni akenda zake. Nusu dakika, mambo yamekwisha! Hapa kwetu nusu dakika hata mguu hatujaufikia.

Haitham mwenyewe ana mwaka wa nne pale na hajui jina la mtu wa mlango wa mbele yake. Nilipomuuliza aliona haya kidogo, lakini nilimwambia asione haya.

2. Ardhi yenyewe

Bwana Sheha, kisiwa hiki hakikulazwa sawa. Kila uendako ni kupanda ama kushuka. Ukipanda unachoka, ukichoka unasimama, ukisimama unageuka, na ukigeuka bahari ile pale, na mikoko ile pale, na kisiwa cha Misali kule mbali kimekaa juu ya maji kama kimesahauliwa. Basi unasimama unatazama kama mtu asiye na kazi. Nilisomesha miaka thelathini na nne, na kwa miaka yote hiyo nilichelewa skuli kwa sababu ya kilima kile kile. Mwalimu mkuu alidhani nina ugonjwa wa moyo. Sikuwa na ugonjwa wowote, nilikuwa natazama.

Dirisha la chumba alichonipa Haitham linatazamana na ukuta wa nyumba nyingine. Ukuta ule hauna cha kutazama. Mtu anapata nafasi ya kufanya shughuli zake.

Halafu kuna harufu. Msimu wa karafuu unakwisha lakini harufu haiondoki. Imo kwenye kanga, imo kwenye chai, imo kwenye msahafu wangu baina ya kurasa. Nilipofungua sanduku langu kule mjini, chumba kizima kikawa Pemba. Nahla, mke wa Haitham, akaja mbio kuuliza kuna nini. Nikaona haya, nikalifunga. Wiki zote mbili nikawa nalifungua nikiwa peke yangu tu, kidogo, kisha nalifunga tena.

3. Sahani

Hapa ndipo damu inaponichemka, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Unaijua desturi yetu: sahani ikitoka na chakula hairudi tupu. Aliyeianzisha desturi hii hakufikiria mwisho wake. Jirani yangu Mwanawema aliniletea sahani ya muhogo wa nazi mwaka ule Haitham anaanza kutambaa. Nikamrudishia na shelisheli la kukaanga. Akairudisha na mkate wa kumimina. Nikampelekea na pweza. Haitham leo ana mvi, na sahani bado inakwenda na kurudi. Ukingo umemeguka, maua yake yamefutika, na hatujui tena ni ya nani. Mimi naapa ni yake, yeye anaapa ni yangu. Na kwa miaka yote hiyo sijapata kupika chungu nikakila chote mwenyewe.

Basi mwezi uliopita, Haitham aliponipigia simu kuniambia kwamba atakuja kunichukua, niliona bora nianze kujizoeza mapema. Sahani ilikuwa kwangu, imekuja asubuhi na ndizi mbichi za nazi. Nikala ndizi, nikaiosha sahani, nikaifuta vizuri, nikaenda kuiweka kibarazani kwa Mwanawema. Tupu. Nikarudi ndani, nikakaa kitako.

Haikufika nusu saa. Wa kwanza kuja alikuwa Mwanawema mwenyewe, kanga moja begani nyengine inabururika, machozi yanamtoka, anataka kujua amenikosea nini. Nikamwambia hukunikosea kitu. Akaniambia mtu asiyekosewa harudishi sahani tupu, na kwamba kama ni yale maneno aliyoyasema kuhusu mchuzi wangu mwaka juzi, basi anaomba radhi. Mimi hata sikujua kama kuna maneno aliyasema kuhusu mchuzi wangu. Hapo nikakasirika kweli. Nyuma yake akaingia Bi Rahila na unga, sukari na chupa ya mafuta, kwa sababu habari iliyomfika yeye ni kwamba Mwalimu Mwatum hana hata cha kutia kwenye sahani. Kisha Mzee Jabir, ambaye unamjua hatoki kwake ila kwa sala na misiba, akaja na bakora yake kusuluhisha. Akakikalia kiti changu cha pekee chenye mgongo. Akatutaka mimi na Mwanawema tupeane mikono, akatukumbusha haki za jirani kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na wote wawili tukalia. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira, lakini nani angelijua?

Adhuhuri ilipoadhiniwa uani kwangu kulikuwa na watu kumi na saba, na juu ya meko yangu masufuria mawili ya watu wengine. Alasiri wakasoma dua, maana mmoja wao alisema huenda nimepigwa husuda. Walipoondoka nikakusanya sahani zilizobakia. Zilikuwa tisa, na kila moja ilikuja na chakula, na wewe unaijua desturi. Nilipika siku nne mfululizo. Hiyo ndiyo bei ya kujaribu kuwa mtu wa mjini katika shehia yako.

Kule kwa Haitham mambo haya hayapo. Nilipika muhogo, nikapeleka sahani mlango wa mbele. Mama mmoja akafungua kidogo, mnyororo haukutoka, akasema ahsante wameshakula. Akafunga. Sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Muhogo ule niliula peke yangu, siku mbili, mpaka ukaanza kuchacha. Ndivyo inavyotakiwa.

4. Mlango

Mlango wangu una komeo. Sijui kama linafanya kazi, halijapata kujaribiwa. Watu wa hapa hupiga hodi wakiwa wameshakaa.

5. Mvua na karafuu

Unaijua mikarafuu yangu kumi na miwili aliyoniachia marehemu baba. Msimu uliopita nilizianika karafuu uani juu ya majamvi, nikaenda Mkoani kupima presha. Nikiwa kule ikanyesha mvua, ile ya kukata na shoka. Nikajua karafuu zangu zimekwenda. Bwana Sheha, nilikaa kwenye benchi la hospitali nikajiandaa kuhuzunika. Mtu ana haki ya kuhuzunikia mali yake, na mimi nilikuwa nimeshaanza.

Kufika nyumbani, uwanja mweupe. Hakuna jamvi, hakuna karafuu hata moja. Watu wameshazianua! Nani? Hakuna anayejua. Hapa mvua ikinyesha, aliye karibu huanua kilicho mbele yake, hata awe mpita njia, kisha huendelea na safari yake bila ya kusema. Nilizunguka nyumba kwa nyumba siku mbili, na kila nyumba salamu zake kama nilivyoeleza katika nambari 1. Mwishowe nikazikuta ghalani kwa Mwanawema, zimemwagwa lundo moja na zake, kwa sababu kwenye haraka ile nani angetenganisha.

Ugomvi ulianzia hapo. Mwanawema akasema zangu ndizo zilizokuwa nyingi, nichukue fungu kubwa. Nikamwambia wee, mikarafuu yako haizai kuliko yangu? Chukua wewe. Akaapa. Nikaapa. Tukanuniana mpaka Magharibi, kila mmoja anausukuma mzigo kwa mwenziwe. Mwisho zile pishi tulizogombania tukazipeleka msikitini. Sasa msikiti una mikeka mipya, Mwanawema ananicheka, na mimi hasara yangu sikuipata.

6. Kuanguka

Hii ingefaa kuwa nambari ya kwanza, lakini kila nikiianza nilirukia nyengine.

Mwezi wa Shaabani, asubuhi, niliteleza uani na ndoo ya maji mkononi. Nikaanguka vibaya, nyonga ikalia. Nilikuwa chini, maji yananipita mgongoni, nikasema basi, acha kwanza nilie kidogo peke yangu, kisha nitafikiria la kufanya. Mtu mzima hana haki hata hiyo?

Hana. Mwanawema alikuwa kwake anapepeta mchele. Aliisikia ndoo. Lakini anasema hicho sicho kilichomshtua, kwa sababu mimi naangusha ndoo mara nyingi. Kilichomshtua ni kwamba nikiangusha ndoo huitukana, na siku hiyo hakusikia matusi. Akauruka ua, mwanamke wa miaka sitini na sita mwenye ugonjwa wa magoti. Akapiga ukelele mmoja. Sikuwahi hata kumaliza kusema Yarabi, uwanja umejaa. Wakanitia kwenye kitanda cha kamba, wakanipandisha kilima mpaka barabarani, wanaume wanne, na mmoja wao ni yule Ashraf niliyempiga bakora kwa ajili ya hesabu za kugawanya. Njia nzima alikuwa ananiambia pole mwalimu, pole mwalimu. Kule hospitali walikuja watu wengi mpaka muuguzi akauliza amelazwa kiongozi gani.

Nikarudi nyumbani na wiki sita za kutosimama. Nilitegemea kwamba sasa angalau nitajua njaa ni kitu gani, nipate la kumlalamikia Mungu. Wakagawana siku! Walioikosa Ijumaa walinuna. Mtu wa kunikogesha, mtu wa kunipikia, mtu wa kukaa tu ubavuni pangu na kunihadithia habari za watu ambazo nilikuwa nimeshazisikia kwa yule wa jana. Sikupata siku moja ya kulala nikautazama ukuta.

Haitham anasema kama ningekuwa kwake yasingenikuta hayo. Ni kweli. Yeye na Nahla hutoka saa moja asubuhi, watoto huenda skuli, na wote hurudi karibu na Magharibi. Kwa masaa kumi na moja hakuna mtu wa kuniona nikianguka. Nitalia nitakavyo. Hiyo ndiyo faragha, Bwana Sheha, na hapa hamuijui.

7. Na hata makaburini

Marehemu mume wangu, Hafiz, amelala nyuma ya msikiti kama unavyojua. Kila Ijumaa mimi huenda kumpalilia kaburi. Kila Ijumaa nakuta pameshapaliliwa. Nimeamkia pale alfajiri mara tatu kumuotea huyo mtu na sijamkamata, na majani yenyewe bado yana umande alipoyakata. Kazi moja tu aliyoniachia mume wangu, nayo wameninyang'anya.

Zaidi ya hapo, ubavuni pake pana nafasi. Mwaka juzi watu walitaka kumzika mtu pale, Mzee Jabir akawazuia, akawaambia pale pana mwenyewe. Na akaja kunipasha habari, kwa heshima zote, kwamba nisiwe na wasiwasi, pangu papo. Jamani! Hata kufa mtu ameshapangiwa na majirani?

Kwa sababu hizo saba, naomba yafuatayo:

(a) Nipewe barua ya kuhama kabla ya Jumatano jioni.

(b) Upige marufuku mtu yeyote kunisindikiza bandarini. Nimesikia wameshakodi gari mbili, na kwamba Mwanawema anapika vyakula vya kunipa njiani kana kwamba boti inakwenda Hijaz. Gari moja inanitosha, ya kunichukua mimi, Haitham na sanduku.

(c) Jina langu lifutwe katika daftari la vyombo vya shughuli, na wasiniwekee zamu ya kuchambua mchele katika harusi ya mtoto wa Mwatima, wala msiba wa yeyote. Akifa mtu, nisiambiwe. Nikiambiwa nitataka kuja.

(d) Kwa kuwa hapa hapana hata mtu mmoja anayejua kukaa peke yake, na dunia ya leo ndiyo inayotaka hilo, naishauri Serikali iwahamishe wakaazi wote wa Wambaa kidogo kidogo, mmoja mmoja, kila mtu mahali pake, mbali na mwenziwe, tena ghorofani. Waanze na wazee ambao ndio walioharibika zaidi. Wale wadogo wafundishwe skuli somo la kutosalimiana, vipindi viwili kwa wiki. Ningejitolea kulisomesha mimi mwenyewe, lakini nitakuwa sipo.

(e) Ikishindikana (d), basi watu watakaoniulizia waambiwe sikuwahi kukaa hapa.

Sina zaidi ila kukutakia kazi njema. Nisalimie Bi mkubwa wako na mwambie ile dawa ya mguu asiichemshe sana. Nisalimie watoto wote sita, na huyo wa saba anayenyonya mbusu kwenye kisogo. Msalimie muadhini, mwambie Jumamosi alichelewa. Wasalimie wavuvi wa pwani ya chini na wa pwani ya juu, wanawake wa chama cha ushoni, walimu wote waliopo na waliostaafu, yule fundi wa baiskeli asiyemaliza kazi za watu, na Ashraf, mwambie kugawanya bado hajui lakini moyo anao. Msalimie Bi Rahila. Mzee Jabir sijamuona tangu asubuhi, muulize kifua chake. Mwanawema usimsalimie, yuko hapa hapa jikoni kwangu, anasonga ugali ambao sikumuomba.

Mimi niliyekereka,

Mwatum Vuai Shaame
Mwalimu Mstaafu

Tanbihi

Haitham ameshaisoma barua hii. Alicheka mahali pawili, mahali pamoja akafuta macho, akasema sababu zinatosha. Sasa amekwenda kusali Alasiri na bahasha sijaitia gundi, kwa hiyo naandika upesi.

Bwana Sheha, kataa.

Nimejaribu kumwambia mwenyewe tangu Ijumaa. Kila nikifungua mdomo ananionesha kwenye simu picha za kile chumba, rangi ya kijani aliyoichagua kwa kunipendeza, na kitanda kifupi alichokichongesha ili nisipate tabu kushuka. Nahla alinipigia akaniambia tangu nilipoanguka Haitham halali vizuri, simu iko mkononi usiku kucha. Ni mtoto mwema, sina mwengine, na mimi siwezi kuwa mtu wa kumwambia kwamba nyumba yake naiogopa. Naiogopa, wallahi. Naogopa kufa mle saa nne asubuhi nikaja kujulikana Magharibi. Nikimwambia hivyo ataacha kazi arudi Pemba, na watoto wake watakula nini?

Lakini Serikali ikikataa, hakuna aliyemkataa mwenziwe. Andika kwamba sababu zimechunguzwa na zimeonekana hazikidhi. Andika kwamba mwombaji haruhusiwi kuhama, wala asiombe tena. Tumia maneno makubwa, Haitham anayaheshimu, na muhuri uugandamize mpaka utokee upande wa pili. Atakasirika na Serikali, na hasira ya namna hiyo hupoa. Kisha mwambie aje kila mwisho wa mwezi.

Ukinipa ile barua niliyoiomba, nitapanda boti Alkhamisi na nitacheka mpaka Unguja, kwa sababu nimemwahidi na sitomvunja moyo. Usitie saini, baba.